Kalvati Niliyopita Kimya

Kiti cha baiskeli ya kaka yangu kilikuwa juu mno kwangu, na sikukiteremsha. Fundi wa pale Kitengela, aliyekuwa amenyoosha rimu ya mbele na kuweka mnyororo mpya, alinitazama miguu akachukua spana. Nikamwambia aache. Akaniuliza nitaendeshaje nikiwa nimening'inia kama nguo kwenye kamba. Nilikuwa nimewaza usiku kucha kama baiskeli ikiteremshwa kiti itakuwa bado ni yake, na kama ataitambua.

Kaka yangu alikuwa amekufa siku kumi kabla ya hapo, Jumapili ya mvua, peke yake, mbele kidogo ya Mile 46, mahali barabara ya vumbi inapopita chini ya reli ya zamani iendayo Magadi. Aliipenda njia hiyo. Siku sita alifanya kazi ya ofisi Nairobi, na ya saba alitoka Kitengela watu wakiwa wamelala, akapita Isinya na Kajiado, akapanda na kushuka vilima mpaka karibu na pale nchi inapoinama kuelekea bondeni, akarudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Jumapili hiyo mvua ilimkuta kwenye handaki la reli, akajificha ndani. Maji hayakuanguka juu yake. Yalitoka vilimani, ambako mvua ilikuwa imeanza zamani, na yalipofika yalifika yote kwa pamoja. Wachungaji walimpata mbali kule chini, amekwama kwenye miiba. Baiskeli ilikuwa karibu zaidi na handaki kuliko yeye.

Kwetu, huko magharibi, mtu akifia mbali hatuchukui mwili peke yake. Mwili unaweza kuwa mochari na mwenyewe angali pale alipoangukia, ameshangaa. Lazima mtu wa tumbo moja naye aende amwite kwa jina, amwambie twende nyumbani, na kila penye maji amwambie tena: sasa tunavuka. Marehemu havuki maji bila kuambiwa. Asipoambiwa anabaki ng'ambo. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara moja tu, baba alipofariki nikiwa darasa la sita. Mama alikaa mbele kwenye gari, na kila daraja dereva alipunguza mwendo, mama akageuka na kuzungumza na sanduku kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mgonjwa kwamba wanakaribia hospitali.

Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema tukitaka kwenda twende na gari, tuombe, turudi kabla ya chakula cha mchana, na pasta asisikie. Nyanya alikuwa kwenye simu kutoka nyumbani, spika imewashwa juu ya meza. Akauliza kijana alienda na nini. Tukamwambia.

"Basi arudi na baiskeli," Nyanya alisema. "Mkimpandisha gari asilolijua, atajuaje pa kushukia?"

Nilimtazama mama. Mama ni muuguzi kwenye kliniki moja hapa mjini, na ndiye anayeongoza maombi ya akina mama kila Jumatano. Nilitarajia akatae. Nilitaka akatae. Tangu Jumapili ile alikuwa hajalala kitandani. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, viatu vikiwa miguuni, kama mtu aliye zamu. Alisema mdogo wa marehemu ataenda, yaani mimi, na mazungumzo yakaishia hapo. Kabla sijatoka siku ya safari alinishika mkono juu ya kiwiko na kusema neno moja tu.

"Usimwache popote."

Mimi nina shahada ya takwimu na sina kazi. Kuorodhesha vitu ndiyo kazi niliyobaki nayo. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa siku mbili nikiangalia picha za setilaiti kwenye simu, nikiweka alama kila mahali njia inapokatana na kitu kinachofanana na mto. Nilipata kumi na tisa. Kisha nikaanza kujiuliza mto ni nini. Mtaro wa barabara ni mto? Kalvati kavu chini ya reli ni mto? Nikisema taratibu anasikia, au lazima nipaze sauti? Nikisema kabla ya kuvuka na nikasita katikati, yuko upande gani? Nyanya nilimpigia mara tatu. Mara ya tatu aliniambia mimi ni mtu wa kusoma sana na akakata simu.

Tulienda Alhamisi, kwa sababu Ijumaa tulikuwa tunasafirisha mwili. Mtu aliyenisindikiza alikuwa rafiki ya kaka, mwalimu wa shule ya msingi huko Kajiado, mwenyeji wa vilima vile. Walikuwa wakiendesha pamoja Jumapili nyingi. Ile moja hakuwa naye kwa kuwa alikuwa na homa. Nilimwita Mwalimu kama kaka alivyomwita. Pikapu ya jirani wa kina Mwalimu ilitubeba na baiskeli zetu mpaka kwenye lile handaki kukiwa kunapambazuka, ikageuza, ikatuacha.

Nilikuwa nimetarajia mahali penye kutisha. Palikuwa na ukuta wa mawe uliobeba reli, na chini yake tundu la zege refu kama madarasa mawili, pana kiasi cha lori kupita. Matope yalikuwa yamekauka sakafuni na kupasuka vipande vipande kama vigae. Kwenye kuta maji yalikuwa yameacha mstari wa takataka, juu kuliko kichwa changu. Kulikuwa na kinyesi cha mbuzi, kipya. Watu walikuwa wanapita hapo kila siku.

Mwalimu alinieleza kitu ambacho kaka hakuwahi kuniambia. Kwao, mtu akishakufa jina lake halitajwi tena. Hata kama ni mama yako. Unasema yule, au unasema baba ya fulani, au unanyamaza. Aliniambia nifanye yetu bila wasiwasi, yeye atakuwa anasimama mbali.

"Lakini usinichukie nikiweka vidole masikioni," alisema. "Si wewe. Ni kwetu tu."

Akasukuma baiskeli yake mpaka mwanga wa upande wa pili, akanipa mgongo. Nikaita. Sauti ilitoka kidogo sana mara ya kwanza, ya pili ikagonga zege na kunirudia. Nikasema nimekuja kukuchukua, mama anangoja, baiskeli ndiyo hii, kiti sijakigusa. Nikangoja. Nilijua hakuna kitakachotokea na bado nilingoja.

Kuna jambo nililoacha kumwambia hapo, ingawa ndilo lililojaa mdomoni. Asubuhi ya Jumapili ile, nikiwa kitandani, nilikuwa nimemtumia ujumbe: mvua ikinyesha usijitie ushujaa, jifiche mahali. Tiki mbili zilikuwa zimegeuka buluu. Alisoma. Ni mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kufuata ushauri wangu hata mmoja.

Tukapanda. Keria yangu ya nyuma niliiacha tupu, maji na mkate vikawa mgongoni, maana Nyanya alikuwa amesema kaka ndiye atakayekaa pale, asikalie kitu chochote. Vilima vya upande huo havionekani vikali ukiwa kwenye gari. Ukiwa kwenye baiskeli ya mtu mrefu kuliko wewe, kila kimoja kina mambo yake. Mawe madogo yanateleza chini ya tairi, jua linapanda mbele yako, na vidole vya miguu vinatafuta pedali kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Reli ilikuwa ikienda nasi, mara kushoto, mara kulia, na kila ilipotuvuka juu kulikuwa na handaki au kalvati. Mahali pengine tuliinama tukapita tukiendesha. Pengine tulishuka na kusukuma, vichwa vikigusa zege.

Orodha yangu haikufika hata saa tatu. Alama ya kwanza niliyokuwa nimeweka haikuwa mto bali njia ya ng'ombe. Kisha tukapita kalvati mbili ambazo hazikuwa kwenye simu. Nikasimama na kumuuliza Mwalimu kama zile zinahesabiwa, kwa maana zilikuwa kavu kabisa, na mchanga wake ulikuwa mweupe kama wa kujengea.

"Hapa kila kalvati ni mto," alisema. "Umelala tu. Huo una jina, na ule mwingine una jina. Hata ule uliomchukua yule ulikuwa umelala saa moja kabla."

Baada ya hapo niliita kila mahali. Mwalimu alikuwa anatangulia, anasimama mbele, ananipa mgongo. Mimi nilishuka, nikaita jina, nikasema tunavuka, nikavuka. Niliingiwa na wasiwasi kwamba naita haraka kama mtu anayepiga mhuri, nikaanza kuita polepole. Kisha nikaogopa kwamba naigiza. Kwenye kalvati moja nilirudia mara mbili kwa sababu pikipiki ilipita wakati nikisema. Vijana wawili juu yake walipunguza mwendo kutazama.

"Unaongea na nani, msomi?" yule wa nyuma aliuliza. "Keria iko tupu hivyo na watu wanatembea. Beba mtu."

Mbele kidogo tulimkuta mwanamke aliyekuwa na mtungi wa maji wa lita ishirini mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Alituamkia, nasi tukaitikia, akaomba mtungi ukae kwenye keria mpaka kwake, si mbali. Nilisema pole, haiwezekani. Akaitazama keria, akanitazama mimi, hakukasirika hata.

"Kwani umebeba nani?"

Mwalimu aliuchukua mtungi, akaufunga kwenye baiskeli yake kwa mpira, akatembea akiusukuma mpaka nyumbani kwa yule mama. Mimi nilifuata nyuma na keria yangu. Sijawahi kuona haya kama yale.

Kwao Mwalimu ni kabla ya kufika Kajiado, nyumba mbili za mabati na zizi la miiba, mita chache kutoka kwenye reli. Ilikuwa kama saa tano. Hatukuwa tumepanga kusimama, lakini mama yake alikuwa ametuona kutoka mbali, na alikuwa anajua tumetoka wapi. Nikainamisha kichwa, akaniwekea kiganja juu yake, kiganja kikavu chenye joto. Akaniamkia kwa Kimaa, lugha yao, na nikajibu vibaya, naye akacheka kidogo kisha akajizuia kucheka, kwa sababu ya kilichonileta.

Alitupa maziwa ya mgando kwenye vikombe vya bati na tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Hakusema pole kwa maneno niliyoyazoea, yale ya ni mapenzi ya Mungu. Alizungumza Kiswahili chake cha taratibu kuhusu yule kijana aliyekuwa akija Jumapili, aliyekuwa anakula sana, aliyewahi kumtengenezea redio. Yule kijana. Yule mrefu. Rafiki ya mwanangu. Alizunguka jina kwa uangalifu mkubwa, na nikaona Mwalimu akimtazama kwa macho ya mtu anayemtazama mama yake akipita kwenye ubao mwembamba. Mara moja alianza kulisema, silabi ya kwanza ikatoka, akaweka mkono mdomoni na kutema mate pembeni. Kisha akaniomba msamaha mimi.

Nilipoinuka alisema atatusindikiza. Njia kutoka kwake inapita chini ya reli, kwenye kalvati ambayo ng'ombe wao wanaitumia kila asubuhi na kila jioni. Ni fupi, hatua kumi hivi. Ina sakafu ya zege iliyosuguliwa na kwato mpaka inang'aa. Mwalimu, kama kawaida yake, alitangulia na kusimama mbele. Lakini mama yake alitembea nami, mkono wake ukiwa kwenye keria, anasukuma kidogo kunisaidia. Mkono wake ulikuwa pale pa kaka.

Nikafika kwenye mdomo wa kalvati na nikafungua wangu. Mama yule alikuwa kando yangu kabisa, hata hatua moja haikututenga. Nikikumbuka jinsi alivyoshtuka kwa silabi moja tu, tena yake mwenyewe, sikuweza kupaza jina zima masikioni mwake, tena chini ya zege linalorudisha sauti. Nikafikiri nitalisema moyoni. Nikafikiri moyoni haihesabiki. Nikafikiri nimwombe arudi, na sikujua namna ya kumfukuza mtu mzima kutoka kwenye kalvati yake. Miguu ilikuwa inatembea wakati nikifikiri hayo yote. Zile hatua kumi zikaisha, jua likanipiga usoni, na tulikuwa upande wa pili.

Akanibariki, akarudi. Nikapanda baiskeli.

Nadhani niliendesha kama kilomita moja kabla ya kukubali nilichofanya, na hapo bado ningeweza kugeuka kwa dakika tano. Nilijiambia kwamba nia yangu ilikuwa wazi na yeye aliijua. Nilijiambia kwamba hatuamini mambo haya, ni heshima tu, na kwa Mungu hakuna ng'ambo. Kisha nikafika kwenye kalvati iliyofuata, nikashuka, nikaita, na nikasikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa ya mtu anayemwita mtu asiyekuwepo. Asubuhi yote sikuwa nimeisikia hivyo. Nikaendelea. Kila pedali ilikuwa inaongeza umbali wa kurudi, nami niliuhesabu.

Tulifika Kajiado mjini saa nane, tukaingia hoteli ndogo, tukaagiza chai na chapati. Mapaja yalikuwa yanatetemeka chini ya meza. Nilisubiri mpaka Mwalimu amalize chapati ya kwanza.

"Mwalimu, pale kwenu sikusema."

"Hukusema nini?"

"Jina. Kwa ile kalvati. Mama yako alikuwa hapo na nikashindwa."

Aliweka kikombe chini. Nilitarajia acheke, na ni kweli alianza hivyo. "Basi yuko salama, mamangu hawezi kumwacha mtu bila maziwa," alisema. Lakini kicheko kilikwisha njiani.

"Mamangu ni mtu mzima," alisema. "Ungemwambia, angeziba masikio arudi kwa nyumba yake. Wewe unajua nimesikia hiyo jina mara ngapi tangu asubuhi? Vidole havizuii kitu. Nimesikia yote. Alikuwa rafiki yangu na nimesikia akiitwa kama mtu ako hai, na nikanyamaza, ndio wewe ufanye yenu. Halafu unaniambia hiyo moja ndio uliacha. Kwa sababu yetu."

Kisha akaniuliza kama tunarudi. Aliuliza kwa upole. Alikuwa tayari ameshika kofia yake.

Nilikuwa na simu mkononi, namba ya Nyanya ikiwa kwenye kioo. Sikuipiga, kwa kuwa nilijua atakachosema. Niliwaza vile vilima, sasa vyote vya kupanda kwanza na jua la saa nane. Nikawaza kwamba tukirudi hapa itakuwa jioni, na kutoka hapa hadi Kitengela ni barabara kuu yenye malori ya Namanga, na sina taa. Nikawaza mama akipokea simu ya pili. Hayo yote yalikuwa kweli, na chini yake kulikuwa na kweli moja zaidi: nilikuwa nimechoka, na nilitaka siku hiyo iishe.

"Hapana," nikasema.

"Ni ndugu yako," Mwalimu alisema. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayerudisha kitu alichokuwa amekishikilia kwa niaba ya mwingine. Alinisindikiza mpaka nje ya mji, akaniambia nisalimie mama, akageuza baiskeli.

Kutoka hapo niliendesha peke yangu. Lami ilikuwa laini baada ya mawe, na hilo lenyewe lilinichukiza. Malori yalipopita, upepo wake ulinivuta kwanza kuelekea magurudumu kisha ukanitupa kwenye changarawe. Niliita kwenye kila daraja. Niliita kwenye mitaro. Pale Isinya niliita kwenye bomba ambalo hata paka hawezi kupita, watu wakinitazama kutoka kwenye vibanda vya nyama, kwa sauti kubwa kuliko ya asubuhi nzima. Sikujua kama nilikuwa namwambia mtu au naiambia barabara.

Mama alikuwa amesimama kwenye geti la ploti yetu jua likielekea kuzama. Alikuwa amefagia kutoka getini mpaka mlangoni kwetu, mbele ya nyumba za wapangaji wengine pia. Hakuniangalia. Aliangalia nyuma yangu, kwenye keria, akasogea, akaweka mkono hewani juu yake, si juu ya chuma.

"Karibu, baba," alisema. "Umechelewa."

Kisha akanigeukia mimi. "Umemwambia kila mahali?"

"Kila mahali."

Alivua viatu. Kabla wageni hawajamaliza kula alikuwa kitandani, amelala, mdomo wazi kidogo, na shangazi mmoja alisimama mlangoni akilia kwa furaha ya kumwona hivyo. Watu walinipiga piga bega. Baba mdogo mwenyewe alisema nimefanya kazi ya kiume.

Ijumaa tulisafiri, gari la maiti na sisi wa karibu ndani yake, basi likifuata nyuma. Mama alikaa mahali pale pale alipokaa wakati wa baba. Kila daraja dereva alipunguza mwendo, naye akageuka na kumwambia kaka tunavuka. Alisema kwa utulivu. Aliongezea vitu vidogo: hapa ndipo ulipotapika ukiwa mdogo, hapa tulinunua miwa. Nilikaa kando ya sanduku, goti likigusa ubao, na kwenye kila mto nilijiambia nitasema kwenye mto unaofuata. Ilikuwa mito mingi. Sikuwahi kujua nchi hii ina mito mingi hivyo.

Wa mwisho ni mdogo, uko chini ya boma letu, na wanawake walikuwa wanafua pale. Walisimama mikono ikidondosha maji. Mama alimwambia dereva asimame kabisa. Nilidhani amechoka. Aligeuka, akanitazama mimi badala ya sanduku.

"Huu mwambie wewe. Wewe ndiye uliyemleta."

Kila mtu alingoja. Ilikuwa ni sentensi mbili, nilikuwa nimezisema jana yake mpaka midomo ikapasuka. Nikaita jina lake.

"Kama uko hapa, tunavuka," nikasema. "Ni huu wa nyumbani. Kama hauko, usifikiri umeachwa kwa makosa yako. Ni mimi nilinyamaza."

Baba mdogo alikohoa. Dereva alinitazama kwenye kioo, akaondoa macho haraka. Mama alibaki amegeuka hivyo hivyo, uso wake haukubadilika hata kidogo, na niliona akinielewa polepole, kuanzia mwisho wa maneno kurudi mwanzo. Nilingoja aulize. Alirudisha uso mbele.

"Twende," alimwambia dereva.

Tulimzika Jumamosi. Ibada ilikuwa nzuri, pasta alihubiri, kwaya iliimba, na mama alirusha udongo wake kama wengine. Usiku huo, hapo bomani, alikaa tena kwenye kiti karibu na mlango. Hakunigombeza, na sikusikia akimwambia mtu yeyote.

Jumanne, wageni wakiwa wamepungua, alikuwa jikoni anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikaketi upande wa pili na kuanza kusaidia. Tulienda hivyo kwa muda mrefu.

"Ni wapi?" aliuliza.

Nikamweleza. Nyumba ya kina Mwalimu, zizi, reli, kalvati ya ng'ombe. Nikamweleza kuhusu yule mama na mkono wake kwenye keria. Aliuliza kama yule mama alinipa chochote. Nikasema maziwa. Alitikisa kichwa kuonyesha kwamba hilo ni jema, akatoa jiwe dogo, akaliweka kando.

"Kuna kivuli hapo?"

"Ndani ya kalvati kipo. Siku nzima."

"Na mvua ikija?"

Nilitazama maharagwe. Nilikuwa nimemdanganya mara moja na nilijua jinsi alivyolala baadaye.

"Maji hupita hapo hapo," nikasema.

Mama aliutikisa ungo, maganda yakaruka, akaendelea kuchambua.